Ajasta ya gia imekatika: niweke nyingine wapi, na nizungushe upande gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya mtumba, gia 7 nyuma na 3 mbele, za kuzungusha kwa kiganja pale usukanini. Ilianguka ukutani, na ile skrubu ya plastiki ambayo waya wa gia unapitia kuingia kwenye direla ya nyuma (kile kifaa kinachohamisha mnyororo) ikakatika shingo. Fundi wa mtaani aliuvuta waya kwa koleo akaubana hivyo hivyo. Sasa gia ya 1 na ya 7 zinashika vizuri, lakini ya 4 na ya 5 mnyororo unakwaruza na kuruka. Dukani nimeona ajasta za kuweka katikati ya waya. Nikiweka hiyo itatosha? Na inazungushwa upande gani? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo kwenye swali lako. Gia za pembeni zinashika kwa sababu zina walinzi: zile skrubu mbili ndogo za direla zenye alama H na L, ambazo huizuia isipite mwisho. Gia za katikati hazina mlinzi ila waya. Ya 1 na ya 7 zikiwa nzima huku ya 4 na ya 5 zinasumbua, basi waya umekaza kupita kiasi au umelegea, au unakwama ndani ya ganda lake. Skrubu za H na L ziache zilivyo.

Nikueleze kwanza ajasta inafanya nini, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ni bolti yenye tundu katikati. Waya unapita ndani, ganda linaegemea kichwani. Ukiifungua itoke nje, inalisukuma ganda, njia ya waya inakuwa ndefu, na kwa kuwa waya wenyewe haurefuki, unakaza. Kwa hiyo kulegeza bolti ndiko kukaza waya. Hata mafundi wazoefu huliwazia mara mbili hilo. Kanuni ninayoitumia mimi ni moja: ajasta ikirefuka waya unakaza, ikifupika waya unalegea. Haidanganyi, iwe ajasta ya direla, ya usukanini au ya katikati ya waya.

Kwa ile ya nyuma kuna njia nyingine nyepesi. Chuchumaa nyuma ya baiskeli. Mnyororo ukikataa kupanda kwenye sproketi (gurudumu la meno) kubwa, geuza kichwa cha ajasta upande wake wa juu uelekee kwenye spoku. Mnyororo nao utaelekea kwenye spoku. Ukipanda kupita kiasi au ukikwaruza sproketi kubwa inayofuata, geuza upande wa pili. (Zipo direla chache za baiskeli za milimani ambazo springi yake huvuta kuelekea sproketi kubwa. Hizo kila kitu ni kinyume. Waya ukiwa umefunguliwa na direla yako inakwenda yenyewe kwenye sproketi ndogo, hii haikuhusu.)

Sasa vipimo, ili uone kwa nini nasisitiza robo mzunguko. Kwenye kaseti (mkusanyiko wa sproketi za nyuma) ya gia 7, kutoka sproketi moja hadi nyingine ni milimita 5. Mfumo wa kawaida wa gia 7 wa Shimano, kampuni ya Japani, huvuta waya karibu milimita 3 kwa kila tiki (hatua moja ya gia), na direla huzidisha mwendo huo takriban mara 1.7. Nyuzi za ajasta ya direla kwa kawaida ni za bolti ya milimita 5, na kila mzunguko mzima huisogeza milimita 0.8. Piga hesabu, Mwalimu: mzunguko mmoja unaihamisha direla karibu milimita 1.4, yaani zaidi ya robo ya safari ya gia nzima. Anayezungusha mara tatu kwa hasira amekaribia gia nyingine kabisa. Na koleo la fundi wako halijui milimita.

Je, ajasta ya katikati itatosha? Kwa marekebisho, ndiyo. Tatizo ni kile kishina kilichobaki ndani ya direla. Sasa hivi ganda limeegemea juu yake bila kushikwa pembeni. Siku moja litateleza njiani. Kitoe. Kwa kuwa kina tundu katikati, gongea kwa upole bisibisi bapa nyembamba ing'ate, kisha fungua kinyume cha saa. Plastiki hutoka kirahisi. Ikiwa cha chuma au alumini na chumvi ya bahari imekishika, tia mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Kisha nenda dukani na kishina hicho mkononi ukafananishe nyuzi, ukanunue ya chuma, na uipake grisi nyuzini kabla ya kuifunga. Kwa hewa ya Tanga grisi hiyo si anasa.

Ukitaka na ile ya katikati, ili urekebishe ukiwa juu ya baiskeli, ni jambo zuri, hasa kama kishikio chako cha gia hakina ajasta yake. Wakati wa gia za kukisia kwa kidole gumba hakuna aliyezihitaji sana. Mnyororo ukilia, unasogeza mkono wa gia kidogo unanyamaza. Ni baada ya Shimano kutoa gia za tiki, ilizoziita SIS, kwenye Dura-Ace, seti yake ya baiskeli za mashindano, mwaka 1984 ndipo waya ukatakiwa kuwa sahihi. Iweke kwenye kipande cha kwanza cha ganda, kati ya usukani na fremu, mahali lilipo wima au limenyooka, kamwe si kwenye kona. Kabla ya kukata, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone haitagonga fremu. Kata ganda na uondoe kipande chenye urefu sawa na mwili wa ajasta, la sivyo ganda litazidi na kufanya kitanzi. Miisho iliyokatwa isawazishe kwa tupa, fungua tundu la plastiki ya ndani kwa sindano, kisha vika kila mwisho kikofia chake.

Hapa nunua waya mpya. Uliobanwa kwa koleo umeshachanua nyuzi na hautapita tena ndani ya ganda. Waya wa gia ni wa milimita 1.2; wa breki ni mnene zaidi, usikubali mbadala. Ganda nalo vivyo hivyo: la gia lina nyuzi zilizonyooka kwa urefu, la breki limesokotwa kama springi na husinyaa ukivuta, tiki zote zinapotea. Na la gia lisiwekwe kwenye breki hata siku moja, linaweza kupasuka ukishika breki kwa nguvu.

Kufunga: zungusha kishikio cha gia hadi gia ya 7, mnyororo uwe kwenye sproketi ndogo kabisa. Ingiza ajasta zote mbili hadi mwisho, kisha rudisha nje mizunguko miwili kila moja, ili ubaki na nafasi ya kwenda pande zote. Vuta waya kwa vidole tu, bana kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 5. Zungusha pedeli kwa mkono, badilisha tiki moja hadi gia ya 6. Mnyororo usipopanda, refusha ajasta robo. Ukipitiliza, fupisha robo. Ukitulia, jaribu ya 5 na ya 4. Ukijikuta umeshatoa mizunguko minne au mitano, rudi kwenye alenki uvute waya upya. Ajasta iliyotoka mbali ndiyo hukatika shingo, na nashuku yako ilikuwa hivyo hata kabla ya ukuta.

Baiskeli iliangukia upande wa gia? Basi angalia kutoka nyuma kama sikio la fremu linaloshika direla halijapinda kuingia ndani. Viguruduma viwili vya direla viwe kwenye mstari mmoja na sproketi. Vikiwa vimeinama, hakuna ajasta itakayokusaidia, sikio linyooshwe kwanza.

Baada ya siku chache za kwenda kazini gia zitaanza kusuasua tena kidogo, kwa sababu vikofia vimekaa vizuri na waya umelegea. Ndipo hiyo ajasta ya katikati ya waya itakapokufaa: irefushe nusu mzunguko hukohuko njiani.