Mtu aliyetolewa bandama ataishi, ila homa asiichezee

Mkuu, pole sana kwa mdogo wako. Umeuliza kama ataishi kawaida baada ya kutolewa bandama kwa ajali ya bodaboda, maana majirani wamemtisha mama kwamba damu itamwishia mwilini. Ataishi. Mimi yangu ilitolewa baada ya kugongwa barabara ya Bahi, na alizeti bado nalima Chamwino.

Damu haimwishii kwa sababu haitengenezwi huko. Bandama ilifanya kazi hiyo tukiwa tumboni. Ukishazaliwa, uboho wa mifupa ndio unaoishika. Kwa mtu mzima bandama ina gramu kama 150 tu, imejibana chini ya mbavu za kushoto, na kazi yake kubwa ni kuchuja. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikizeeka hukakamaa, zinashindwa kupenya njia nyembamba za mle ndani, zinakamatwa na kuvunjwa, na madini yake ya chuma yanarudi kutengenezea seli mpya. Kazi hiyo ini litaibeba. Bandama pia huhifadhi karibu theluthi moja ya chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa hiyo vipimo vyake vikionyesha zimepanda msishtuke, ila daktari aendelee kuziangalia.

Kuhusu kwa nini hawakuishona tu: wakati mwingine inawezekana, na mipasuko midogo huachwa ipone yenyewe huku mgonjwa akiangaliwa. Ila ni nyama laini iliyojaa damu, ikichanika vibaya inamwaga hasa. Mimi kilichoniuma kuliko vyote ni bega la kushoto, na bega halikuguswa na kitu. Nilipomwambia daktari kwamba linazidi kuuma nikilala chali, aliachana nalo, akanibonyeza chini ya mbavu, nikapelekwa ultrasaundi mbiombio. Damu ikimwagika inachokoza kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yanasikika begani. (Kama kuna mtoto hapo nyumbani bandama imevimba kwa malaria, asikandwe tumbo wala kuchanjwa chale ubavuni. Iliyovimba hupasuka kirahisi.)

Sasa shika hili. Bandama ndiyo inayowanasa bakteria wenye gamba la utelezi, hasa wale wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Bila hiyo wanaweza kuzaliana kwenye damu kwa kasi, na mtu aliyekuwa anatembea asubuhi akawa mahututi usiku. Watoto wengi wenye selimundu bandama zao hufa zenyewe mapema, ndiyo maana hupewa penisilini kila siku. Kwa hiyo mdogo wako akipata homa na kutetemeka, hakuna kumeza panadol na kusubiri kesho. Aende hospitali saa hiyo hiyo, na kabla hajapanga foleni aseme "sina bandama". Mimi nina kikaratasi kwenye pochi chenye maneno hayo.

Ulizeni chanjo: ya nyumokokasi (wale bakteria wa nimonia), ya uti wa mgongo na ya Hib (bakteria mwingine mwenye gamba). Kwa aliyepasuliwa kwa dharura husubiriwa kama wiki mbili hivi. Mimi niliruhusiwa bila mtu kunitajia hata moja, nikaja kuambiwa kliniki nilipokwenda kutolewa nyuzi, kisha nikazihangaikia mwenyewe. Ulizeni pia kuhusu antibayotiki za kukaa nazo nyumbani kwa dharura.

Malaria nayo hutupiga vibaya zaidi. Dodoma ina unafuu, lakini akisafiri Kigoma au Geita, chandarua na dawa ya kinga aliyoandikiwa na daktari viwe ndani ya begi. Na mbwa akimng'ata, hata kama ni wa nyumbani aliyechanjwa kichaa, asiishie kuosha na sabuni. Mate ya mbwa yana bakteria ambao kwako wewe huenda wasifanye kitu, ila kwa asiye na bandama wanaua. Aende siku hiyo hiyo.

Kazi za kubeba mizigo asubiri daktari wake amruhusu. Chakula anakula chochote.