Hakuna "gonna" ya kwenda Ngorongoro

Nilipoanza kuongoza watalii, Kiingereza changu kingi nilikiokota kwenye sinema na midomoni mwa wageni wenyewe. Jioni moja, tumelala Karatu, nikamtumia mama mmoja Mwingereza ujumbe wa WhatsApp: "Tomorrow we gonna Ngorongoro." Asubuhi akaja garini anatabasamu, akaniuliza: tutafanya nini Ngorongoro? Nikashangaa. Si nimeshamwambia tunakwenda?

Kumbe alikuwa mwalimu mstaafu. Kabla hatujafika geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, somo lilikuwa limeniingia. "Gonna" ni "going to" iliyomezwa mdomoni, ila ni ile tu inayotangulia kitenzi. "We're gonna see lions", sawa. Ukitaja mahali unakokwenda, haimezwi: "We're going to Ngorongoro." Nilipolipindua kwa Kiswahili ndipo nilipoelewa vizuri. Ile ya kwanza ni "-ta-" ya "tutaona"; ya pili ni kwenda kwenyewe, kwa miguu au kwa gari. Mimi nilikuwa nimemwandikia mgeni "kesho tuta Ngorongoro", kama vile namtahadharisha na tuta la barabarani.

Kuna mengine madogo. "To" imeshaingia ndani ya "gonna", kwa hiyo "gonna to see" ni kuirudia. Na "we gonna" utaisikia sana kwenye nyimbo, lakini ukiandika weka "we're".

Kilichonichukua muda zaidi ni kujua nani wa kumwandikia hivyo. Miaka kadhaa baadaye nilimwandikia wakala wa Ujerumani kwamba "we're gonna send you the prices". Sarufi haina kosa. Bosi wangu akaisoma kabla haijatumwa, akanirudishia: "Huyu hujanywa naye hata chai, unamwandikiaje hivi?"

Tangu siku hiyo najipima kwa Kiswahili. Mtu ambaye ningemwandikia "nshafika, ntakucheki", namwandikia "gonna" bila wasiwasi. Wageni wengi tukishakaa siku tatu porini wanafika hapo. Yule ambaye ningemwandikia "nimeshafika, nitakupigia", anapata "going to" nzima. Barua ya bei, ya malipo au ya kuomba radhi kwa gari lililoharibika, huko naandika "we will" tu, hata kama mwenyewe ameanza yeye kuniandikia "gonna".