Jengo la zamani la reli Kisumu: msianze na rangi
Bro, umeuliza kama kikundi chenu kianze kupaka rangi hilo jengo la zamani la reli hapo Kisumu ndio liwe maktaba ya watoto. Aki msianze na rangi! Kwanza jueni ploti ni ya nani, mpate ruhusa ya kuandikwa, alafu muulize watu wa Makumbusho ya Taifa kama limetangazwa kwa gazeti la serikali kuwa jengo la kulindwa, juu kuna sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi na mkibomoa ukuta uliolindwa bila ruhusa hiyo ni kesi. Alafu anzeni kurekebisha mabati na gata za kutoa maji ya mvua, maji ndio adui wa ukuta. Na tafadhali fundi asiwapigie plasta ya simiti juu ya ukuta wa chokaa, inafungia unyevu ndani na ukuta unaanza kumomonyoka pole pole, tafuteni mwenye anajua chokaa hata kama ni bei.