Deraya yako ya kwanza: anza na koti la mabamba, brigandini iache kwanza

Ndugu, umeuliza kama mtu ambaye hajawahi kufua chuma anaweza kujitengenezea deraya ya kifua ya zama za kati, ile inayofunikwa kwa kitambaa, na ikawa sahihi kihistoria. Umesema pia kwamba moyo wako umeangukia brigandini, yaani deraya ya vibamba vidogo vya chuma vilivyofungwa ndani ya kitambaa. Unaweza, ila brigandini iache kwanza. Brigandini nzuri ya karne ya 15 ina mamia ya vibamba na maelfu ya ribiti (misumari mifupi inayopondwa ncha ili ishike), mara nyingi zimepangwa tatu tatu, na anayejifunza hukata vibamba vya upande mmoja, akachoka, kazi ikaishia ndani ya boksi. Boksi la namna hiyo ninalo mimi mwenyewe, chini ya kitanda. Anza na babu yake, koti la mabamba, ambalo lina vipande vikubwa vichache na linasamehe mkono usiozoea.

Mimi lilinivuta nilipoliona jiweni. Katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, kuna sanamu ya Mtakatifu Maurice iliyochongwa yapata miaka ya 1240 hadi 1250, na mchongaji alimpa sura ya Mwafrika bila kuficha chochote. Juu ya deraya yake ya pete za chuma amevaa vazi lisilo na mikono, na juu ya vazi hilo vichwa vya ribiti vimejipanga kwa mistari. Chuma chenyewe hakionekani, kwa kuwa kimelala upande wa ndani. Picha za namna hii ndizo zilizowafanya watu wa baadaye wadhani kwamba askari walivaa ngozi iliyopambwa kwa misumari, na kosa hilo bado linauzwa madukani.

Jiwe halikuonyeshi yaliyo ndani, kwa hiyo mchoro wako uutoe Visby, mji ulio leo nchini Sweden. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la mfalme Valdemar wa Nne wa Denmark liliwaua wakulima wa kisiwa cha Gotland nje ya kuta za mji huo, na wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja wakiwa bado na deraya zao, inavyoaminika kwa sababu ya joto na wingi wa maiti. Ufukuaji ulianza mwaka 1905 na ukaendelea kwa vipindi hadi 1930. Ripoti ya Bengt Thordeman, iliyotoka mwaka 1939 na 1940, inaonyesha bamba kwa bamba na tundu kwa tundu, na imezigawa deraya hizo katika aina sita. Chagua deraya moja tu yenye mabamba makubwa, uifuate hiyo hadi mwisho. Ukichukua kifua cha hii, mgongo wa ile na bizimu za miaka 80 baadaye, kila kipande kitakuwa cha kweli na vazi zima litakuwa la uongo.

Sasa kazi yenyewe, na hapa wengi huanzia mkiani. Usinunue chuma kabla ya kuwa na gambesoni, yaani koti nene la kitani lililojazwa pamba au matambara na kupigwa mishono ya mistari, ambalo huvaliwa chini ya deraya. Mimi nilipima kifua changu nikiwa na fulana, nikakata mabamba yote, na gambesoni ilipokamilika ndipo nilipogundua kwamba mgongoni pamebaki pengo la viganja viwili. Vaa gambesoni, kata kiolezo cha maboksi, kifunge mwilini kwa utepe wa gundi, kisha uinue mikono, uiname, uketi kitini. Boksi likikuchoma kwapani au likigonga mapaja, chuma kitafanya hivyo hivyo kwa ukali zaidi.

Kinachofuata ni kitambaa, na hiki ndicho kinachobeba deraya nzima, kwa sababu kila bamba linaning'inia juu yake. Nilitumia matabaka mawili ya kitani kizito na juu yake sufu nyekundu iliyofumwa kwa kushikamana. Pamba ya turubai ni rahisi kuipata, na kwa jaribio la kwanza sitakulaumu, lakini usiiite sahihi. Tundu la ribiti kwenye kitambaa usilikate. Lisukume kwa shazia ili nyuzi zisogee pembeni bila kukatika, kwani matundu niliyoyakata kwa mkasi mabegani, pale penye mzigo wote, yaliachia katika siku ya kwanza ya kuvaa.

Kwa mabamba, chuma laini cha milimita 1.2 kinatosha mbavuni na 1.5 kifuani, na unaweza kukikunja kikiwa baridi juu ya gogo au bomba nene. Piga tupa kingo zote mpaka upitishe kidole bila woga, maana ukingo mkali hula kitambaa polepole kutoka ndani. Kisha paka mafuta ya mbegu za kitani na uyachome mpaka yageuke meusi, ukifanyia nje, kwani moshi wake hausahauliki na majirani zangu bado wananikumbusha.

Ribiti hupita kwenye kitambaa kwanza, halafu kwenye bamba. Kichwa kinabaki nje, kimelazwa ndani ya kishimo ulichokichimba kwa keekee juu ya kipande cha chuma kizito ili kisisagike. Upande wa ndani acha ncha itokeze kiasi kinacholingana na unene wa ribiti yenyewe. Ukiiacha ndefu hupinda ndani ya tundu na kichwa hukaa upande. Piga katikati taratibu mpaka ncha itanuke, kisha zungusha mapigo madogo pembeni. Mlio ukibadilika kutoka mzito kuwa mkavu, acha, imeshika.

Mabamba yapandane kama sentimita mbili, lakini ribiti moja isipite kwenye mabamba mawili. Kila bamba lifungwe kwenye kitambaa peke yake ili liteleze juu ya jirani yake unapoinama. Rafiki yangu mmoja aliyabana mawili mawili kwa kudhani anaongeza nguvu, akawa amejivika pipa.

Koti langu lina mabamba 19 na uzito wa kilo 9 hivi, nalo huvaliwa kwa kupitisha kichwa na kufungwa mgongoni kwa mikanda mitatu na bizimu za chuma. Mkanda wa kiunoni ukaze kabla ya ile ya juu ili uzito ukae nyongani, usiachiwe mabega. Na kwa kuwa bizimu ziko mgongoni, tafuta mapema mtu wa kukufunga, kwa maana mimi jioni ya kwanza nilisimama uani nusu saa nikimngoja jirani arudi kazini anifungue.