Mchezo hufundisha urithi pale wenye urithi wanaposhirikishwa

Ndugu, umeuliza iwapo michezo ya kidijitali inaweza kuwafundisha vijana urithi wa utamaduni bila kuugeuza kuwa burudani tupu. Inaweza, mradi wenye utamaduni huo washiriki kuubuni mchezo tangu mwanzo, badala ya kuitwa mwishoni kuupitisha. Mfano ninaouthamini sana ni Never Alone wa mwaka 2014, uliotengenezwa kwa ushirikiano na baraza la wenyeji wa Alaska, ambamo hadithi ya kale ya watu wa Iñupiat husimuliwa kwa lugha yao, na mchezaji, kadiri anavyosonga mbele, hufunguliwa filamu fupi za wanajamii wakieleza maisha yao. Ubisoft, kampuni ya kutengeneza michezo ya video, nao mwaka 2018 walitoa ziara ya kidijitali ya Misri ya kale isiyo na mapigano, jambo linalomfaa mwalimu. Hata hivyo, ni rahisi kuchora majengo kuliko kueleza maana ya ibada, na hapo ndipo ninapokusihi uwe mwangalifu: kilicho kitakatifu kwa watu kisifanywe zawadi ya kukusanyia pointi. Baada ya kucheza, wape wanafunzi muda wa kujadili kipi kimethibitishwa na kipi kimebuniwa.