Vifuko nilivyojivunia vilikuwa vya ng'ombe

Miezi minne ya kwanza ya uzamili wangu niliimaliza nikikusanya vifuko vya ng'ombe bila kujua. Nilikuwa naotesha, ndani ya midia (maji ya kulishia seli), seli za HEK293, zile zenye asili ya figo ya binadamu zilizojaa kwenye maabara nyingi, nikitafuta eksosomu, yaani vifuko vya nanomita 30 hadi 150 hivi ambavyo seli huvitema nje. Mashine ya kuhesabu chembe ilinipa namba nono, nami nikatembea kifua mbele. Siku ya kuonyesha matokeo, dada mmoja aliyenitangulia pale akauliza:

"Mdogo wangu, midia tupu uliizungusha kwenye sentrifuji?"

"Tupu vipi?"

"Isiyo na seli. Iweke kwenye chupa yake, ikae inkubeta siku zilezile, halafu ipitie hatua zote."

Nikafanya. Namba ikatoka karibu sawa na ya seli.

Midia yangu ilikuwa na serumu, yaani majimaji ya damu, ya ndama 10%. Damu ya ndama ina vifuko vyake, tena ina lipoprotini, chembe zinazobeba mafuta, za ukubwa unaokaribiana navyo. Ile mashine hufuatilia nukta zinazochezacheza kwenye mwanga wa leza. Haiulizi nukta ni ya nani.

Kwa hiyo anza na serumu. Ichanganye kwanza na midia, maana ikiwa nzito vifuko havishuki vizuri, kisha izungushe usiku kucha kwa 100,000 g (g ni nguvu ya uvutano wa dunia, si gramu) na uchukue maji ya juu tu. Haitakuwa safi kabisa, ndiyo maana chupa tupu inabaki palepale. Wapo wanaokwepa usumbufu huu kwa kuziweka seli bila serumu siku mbili. Mimi siipendi njia hiyo kwa kila seli. Seli yenye njaa hubadilika, na ikianza kufa inamwaga vipande vyake, nawe unavivuna ukidhani ni eksosomu. Hesabu seli zilizo hai siku ya kuvuna. Zikishuka chini ya 90%, mimi humwaga. Pima pia maikoplazima, bakteria wadogo wanaovamia seli za maabara, kwa sababu nayo hutoa vifuko vyake.

Mizunguko yenyewe imezoeleka: 300 g kuondoa seli, 2,000 g kuondoa zilizokufa, 10,000 g kwa nusu saa kuondoa vifuko vikubwa, halafu 100,000 g kwa dakika 70, osha kwa bafa ya fosfeti (maji ya chumvi), rudia. Kilichonitesa mimi ni mashapo ya mwisho: mara nyingi hayaonekani kwa macho. Mwanzoni nilikuwa nageuza neli, namwaga, nakwangua upande usio na kitu. Sasa, kabla ya kufunga rota, kile kichwa kinachoshika neli, natia alama ya kalamu kwenye ukuta wa neli unaotazama nje. Kwenye rota ya pembe, mashapo hukaa upande huo, karibu na kitako. Pipeti inasugua hapo tu, taratibu, na bafa kidogo. Jaza neli zenye ukuta mwembamba karibu na mdomo, la sivyo zitajikunja, na uzipime kwenye mizani zikiwa jozi. Kukadiria kwa macho ni kutafuta balaa.

Ukishapata, usitangaze kwa namba peke yake. Kwenye westani bloti, kipimo cha kutambua protini, natafuta CD63, CD81 na TSG101, protini zinazoashiria eksosomu, na kandokando naweka protini ya seli nzima kwa kiasi kilekile. Kalineksini, protini ya retikulamu (mtandao wa utando ndani ya seli), inapaswa kuwaka kwa seli na kupotea kwa vifuko; ikiwaka pande zote mbili, umevuna takataka za seli. Picha ya hadubini ya elektroni ikikuonyesha umbo la kikombe, usilisifie sana, ni vifuko vilivyonywea vikikaushwa. Vikigandishwa kwenye barafu badala ya kukaushwa, huonekana viduara.

Gawa sampuli kidogokidogo kabla ya kuiweka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, usiiyeyushe na kuigandisha tena.

Ile chupa tupu sijaiacha. Mwezi uliopita ilipanda ghafla, na serumu ilikuwa ileile. Nikapima bafa peke yake, nayo ikajaa nukta: chumvi ilikuwa imeanza kuganda ndani ya chupa ya zamani. Sasa naichuja asubuhi ileile ninayoitumia.