Nenosiri la Nyumbani, Wi-Fi ya Ugenini

Ndugu mwandishi, mimi ni mwanafunzi wa Gulu. Nilipofika Makerere kwa semina, simu yangu iliingia kwenye eduroam, ile Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kabla sijaitoa mfukoni. Makerere walilipata wapi nenosiri langu?

Hawakulipata. Simu iliyosetiwa vizuri humwonyesha mwenyeji jambo moja tu, nalo ni jina la chuo chako linalofuata alama ya @. Seva ya RADIUS ya Makerere, yaani ile inayothibitisha wanaojiunga na mtandao, ilipoona kwamba jina hilo si la kwake, ililipeleka ombi lako kwenye seva ya taifa inayosimamiwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, nayo ikalifikisha Gulu. Hapo simu yako na seva ya chuo chako zilifungua kati yao njia iliyosimbwa, nenosiri likapita humo kama barua iliyotiwa lakiri, na seva zote zilizoipokea na kuipitisha hazikuweza kuisoma. Kilichorudi Makerere ni ruhusa pamoja na funguo za kulinda mawimbi kati ya simu yako na antena yao. Wazo hili lilitolewa Uholanzi mwaka 2002 na Klaas Wierenga, na msingi wake haujabadilika: mgeni huthibitishwa na kwao, mwenyeji hutoa njia. Ndiyo maana simu hiyo hiyo ingekubaliwa Nairobi au Amsterdam bila wewe kujaza fomu yoyote.

Nasomea uuguzi Mbarara. Rafiki yangu anasema mtu anaweza kuanzisha mtandao wake na kuuita eduroam. Ni kweli?

Ni kweli, na hapa naomba usome polepole. Jina la mtandao halina mwenyewe. Ruta ya bei ya chini kabisa inaweza kuitwa jina lolote, na simu yako italifuata. Kinachokulinda ni cheti cha kidijitali ambacho seva ya chuo chako huonyesha kabla ya kupewa nenosiri. Nimewahi kushika simu ya mwanafunzi mmoja, Android ya zamani, nikafungua mipangilio ya Wi-Fi, na kwenye mstari wa cheti nikakuta amechagua kutokithibitisha kabisa, kwa sababu mwenzake alimwambia kwamba hivyo ndivyo inavyoshika haraka. Simu ya namna hiyo humfungulia njia ya siri yeyote anayejibu, na mwizi huondoka ama na nenosiri lenyewe, ama na kiasi cha kutosha kulitafuta kwa kompyuta yake nyumbani. Nenosiri hilo mara nyingi ndilo linalofungua pia barua pepe na matokeo ya mitihani. Kwa hiyo ufute mtandao huo kwenye simu, kisha uuweke upya kwa programu ya geteduroam, ikiwa chuo chako kimesajiliwa humo, kwa sababu hujaza cheti na jina la seva bila kukuachia nafasi ya kukosea.

Nina hoteli ndogo Jinja. Nimebandika nenosiri la Wi-Fi mapokezi. Je, halitoshi?

Linazuia wapita njia, lakini haliwalindi wageni wako wao kwa wao. Katika WPA2, yaani ulinzi wa Wi-Fi, ya nenosiri moja kwa wote, anayelijua na kunasa mawimbi wakati simu ya mwenzake inajiunga anaweza kusimbua mawasiliano yake. Ukibadilisha ruta, tafuta yenye WPA3, toleo linaloifuata, ambayo imeziba tundu hilo.

Mimi ni mfanyabiashara wa Kikuubo, si mwanafunzi. Utaratibu huu hautuhusu?

eduroam ni ya watu wa vyuo na utafiti, hata pale RENU ilipoifikisha nje ya vyuo jijini Kampala. Utaratibu wa aina hiyo kwa watu wote upo na huitwa OpenRoaming. Kampuni ya vifaa vya mtandao ya Cisco iliuanzisha, na tangu mwaka 2020 unasimamiwa na Wireless Broadband Alliance, muungano wa kampuni za Wi-Fi. Hutumia Passpoint, yaani simu haiangalii jina la mtandao bali humuuliza mwenyeji kama anamtambua aliyekupa utambulisho, iwe kampuni ya simu au mwingine. Natamani kuuona kwenye vituo vyetu vya mabasi. Kwa sasa, ukiwa kwenye Wi-Fi ya wazi, fanya malipo kwa bando lako mwenyewe.

Nasimamia mtandao wa chuo Mbale. Wanafunzi wetu walioko Kampala hulalamika kwamba eduroam hukataa, ilhali wenzao wa vyuo vingine wanaingia.

Angalia umeme wako kwanza. Kila anapojiunga upya, ombi hurudi Mbale; seva yako ikizimika, mwanafunzi aliye mbali na nyumbani ndiye anayefungiwa nje, ingawa antena ya mwenyeji wake ni nzima. Weka seva ya pili katika jengo lenye umeme wake wa akiba, au nje ya chuo kabisa, na uwaombe RENU waisajili kama mbadala. Kisha tazama tarehe ya mwisho ya cheti, maana kikiisha muda, simu zilizosetiwa kwa uangalifu ndizo zitakazokataa kwanza, na zile za kizembe zitaendelea kuingia kana kwamba hakuna tatizo.